Mama, Nilisimama Katikati ya Ukumbi

Mama yangu uliyelala Mkunya,

Shikamoo. Najua hapo ulipo hunijibu, lakini mdomo wangu haujazoea kuanza kusema nawe bila hiyo. Mwanao nimechoka. Miguu imevimba, mgongo hausemeki, na wiki iliyopita nilikuwa Masasi mkutanoni tena. Wewe ungeguna, ungesema, "Mnakutana sana nyinyi," halafu ungenisogezea kigoda nikae.

Tulikuwa sisi wale wale, tunaowapokea na kuwasemea watu wanaovuka Ruvuma wakikimbia vita vya upande wa Msumbiji. Alikuwepo katekista wa Lupaso, aliyegeuza stoo yake ya korosho kuwa chumba cha kulaza watu. Alikuwepo yule mama muuza vitumbua wa Kitangari, na dereva bodaboda wa Newala asiyejua kusema hapana. Hakuna anayelipwa. Tunasimuliana yale yale kila mara, fulani kakamatwa, fulani mtoto wake kakataliwa shule, fulani kaondolewa na hatujui yuko wapi. Tunatikisa vichwa, tunakunywa chai, tunaendelea. Nilizitazama zile nyuso nikaona tumezeeka, mama, na kazi haijapungua hata chembe.

Mwezeshaji alikuwa binti wa Dar es Salaam, mpole, mwenye nia njema. Simlaumu. Alitaka tujadiliane kwa makundi, akasema wenyeji wakae upande wa madirishani, wakimbizi wakae upande wa mlangoni. Kwake lilikuwa jambo dogo. Ukumbi mzima ukabaki umekaa. Watu wakaanza kuulizana kwa Kimakonde na Kimakua, wewe unakwenda wapi, mbona mke wako ni wa kule na wewe ni wa huku. Mzee mmoja wa Newala aliinuka akaenda mlangoni, alipofika akageuka akarudi madirishani, kisha akasimama anajikuna kichwa. Kazaliwa ng'ambo ya mto, kaoa huku, wajukuu zake wanajenga huku. Watu wakacheka, na binti wa watu akacheka nao bila kujua tunacheka nini.

Mimi nilisimama katikati, chupa ya maji mkononi, nikakukumbuka. Ulivuka mto ule ukiwa msichana mdogo, umeshika pindo la kanga ya mama yako, Bibi Somoe, naye kamfunga Mjomba mgongoni, katika vita vile vya zamani vya kumng'oa Mreno. Mkapokelewa Mkunya na watu wa ukoo wenu, mkapewa pa kulima, na miaka ilivyokwenda hakuna aliyekumbuka tena kwamba mlitoka mahali. Sasa mwanao nikae mlangoni au dirishani? Nilikaa pale pale nilipokuwa, kwenye kiti kilichobaki peke yake, na hapo ndipo uchovu wote uliponishukia.

Wewe ulinifundisha kazi hii bila ukumbi. Unaikumbuka siku aliyokuja Atija? Mjamzito, kitenge kimekauka matope mpaka magotini, kasimama pembeni ya uzio hathubutu hata kupiga hodi. Mimi ndiyo kwanza natoka bondeni na ndoo kichwani, na ule mlima unaujua ulivyo. Maji yale nilitaka kufulia sare za watoto. Ukayapokea, ukayamimina yote kwenye beseni, ukamshika Atija mkono ukampeleka uani. Nilinuna waziwazi. Nilikuuliza inakuwaje tunamwogesha mtu ambaye hata jina hatumjui.

"Mwache aoge," ukaniambia. "Akitoka hapo atakaa kama mtu, ndipo umuulize."

Na kweli alitoka, akakaa, akasema jina lake, akalia. Kwao kulikuwa kumechomwa, mume hajulikani alipo. Wewe hukumuuliza zaidi ya hapo. Ulimenya mihogo.

Mtoto alipozaliwa, wa kike, Atija hakuwa na ndugu hata mmoja wa kutoa jina. Ukatoa wewe. Ukampa la mama yako, Somoe, na Mjomba akiwa pale pale na kanzu yake akaitikia aamin pamoja na wengine. Kwetu ukishampa mtoto jina la marehemu, umemrudisha marehemu nyumbani, na hakuna anayelichukulia jambo hilo mchezo. Tangu siku ile wewe ukamwita yule mtoto mama. Mjomba naye akamwita mama. Mimi nikamwita bibi, na bado namwita hivyo, hata ninapomfokea aoshe vyombo.

Nakumbuka ulivyokuwa unacheka, mama, mpaka unajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mjomba akipita asubuhi kwenda shambani lazima asimame mbele ya kale katoto, avue kofia, aseme, "Shikamoo mama." Nako kakiwa hakajajua hata kutamka vizuri kanajibu, "Marahaba mwanangu," kisha kananyoosha mkono kudai peremende. Mzee mzima, nywele nyeupe, anatoa peremende mfukoni. Siku ambazo hakuwa nayo alikuwa anapitia njia ya nyuma.

Ulimpa Atija kipande cha kulima kule ukingoni mwa shamba. Mihogo, kunde, karanga, alime anavyotaka. Miti ya kudumu hapana, na hilo hukuhitaji hata kulisema, maana huku kila mtu anajua. Shamba la kuazimwa halipandwi mkorosho. Anayepanda mkorosho anatangaza kwamba hapa ni pake.

Basi mwaka juzi ulituacha. Na masika yaliyofuata, Atija akapanda mikorosho mitatu.

Nilipoiona nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimuuliza, Mama Somoe, umefanya nini? Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaniambia mvua ilikuwa imenyesha vizuri, mbegu alikuwa nayo, mtoto akashika jembe wakapanda. "Nilisahau kama mimi ni mgeni," akasema. "Mama Zuhura hakuwahi kunikumbusha." Mama Zuhura ndiye wewe.

Mjomba alipoiona hakupiga kelele, unamjua. Alisema ing'olewe, na Atija akishavuna mihogo yake atafute pengine pa kwenda, kwa sababu Rashidi mwanawe amerudi kutoka Mtwara na anataka pa kupanda korosho zake. Pengine wapi, hakusema. Mtu ambaye kwao ni majivu anakwenda wapi? Wakimtoa hapo hana kibali cha kueleweka wala paa la kulala, na yule mtoto ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza.

Ndiyo maana nilikwenda naye Masasi. Nilidhani wakubwa wa kazi hii watatupa njia. Binti wa Dar alimwomba asimame atoe ushuhuda wa safari yake. Ameshautoa mara ngapi, Yarabi, mbele ya watu wangapi wenye kamera. Safari hii akakataa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ameshasimulia sana, yeye anaomba tu kujua kama mwaka huu atalima. Binti akaandika neno ardhi kwenye karatasi kubwa ya ukutani, akamshukuru, akaita mwingine. Atija hakuitazama ile karatasi. Alinitazama mimi.

Tukiwa njiani kurudi, tunaipanda milima ya Newala, wote ndani ya gari wamelala, akanisogelea.

"Mama Rehema, wewe unasema na wakubwa wote hao. Kwa mjomba wako huwa husemi?"

Nilijifanya natazama barabara. Nikwambie ukweli, mama, nimeshasimama mbele ya watu wa ofisi na kunyoosha kidole bila kutetemeka. Mjomba namwogopa. Ndiye aliyenilipia shule, ndiye aliyekaa mkekani siku ninaolewa, na tangu uondoke yeye ndiye mwenye sisi na mashamba ya ukoo. Mtu wa ofisi akinikasirikia narudi nyumbani. Mjomba akinikasirikia sina nyumbani pa kurudi.

Jana baada ya alasiri nilikwenda barazani kwake. Rashidi alikuwepo, nguo zinanuka salfa ya kupulizia mikorosho. Mjomba akazungumza kwa utaratibu. Ardhi ni ndogo, watu wanaongezeka, Rashidi ana watoto, ukarimu tumeufanya na Mungu ameuona. Hakusema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilikuwa nimejiandaa na maneno yote ya semina, haki, ulinzi, utu wa binadamu, niliyakariri njia nzima. Yakaniishia mdomoni. Nilikuwa nimechoka mno kuhutubia.

"Haya, Mjomba," nikasema. "Basi muage mama yako."

Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Nikamwambia aliyemfunga mgongoni akamvusha mto amerudi nyumbani, jina lake yeye mwenyewe aliliitikia aamin, na sasa anamwambia arudi alikotoka. Sikupaza sauti. Mjomba akaniambia nisimchezee. Nikasema sichezi.

Nilikuwa natafuta namna ya kuinuka niondoke nikiwa bado na mjomba. Ndipo wakatokea Atija na mtoto, wanatoka bondeni, mama na ndoo, mtoto na kale kadumu kake kalikokuwa ka mafuta ya kula. Atija alipotuona akataka kupita mbali. Mtoto yeye hajui mambo ya ardhi. Alikuja moja kwa moja mpaka barazani, akasimama mbele ya Mjomba, dumu kichwani, maji yanamdondokea shingoni, akangoja amkiwe kama anavyongoja siku zote.

Mjomba alimtazama muda mrefu. Mtoto akaanza kuona kwamba leo kuna kitu, akamgeukia mama yake, akanigeukia mimi. Nikadhani atalia.

Mjomba akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshindaje?"

Hakuna aliyecheka. Rashidi alitazama miguu yake. Mjomba alisema ameshinda salama, akampa mtoto pole ya mzigo. Kisha akaikunjakunja ile kofia mikononi, akamwambia Rashidi bila kumtazama, "Ile miche isiguswe. Ni ya mama." Akaomba maji ya kutawadha, akaingia ndani, na kuhusu mahali Rashidi atakapopanda hakusema kitu. Hilo najua litanirudia, na Rashidi tangu jana hanisalimii.

Atija alikuwa amesimama na ndoo kichwani wakati wote, hajaitua. Nilimsaidia kuitua. Hatukukumbatiana wala nini, tulikuwa tumechoka sote wawili.

Ningependa kukwambia kwamba moyo umetulia, mama. Haujatulia. Ni mtu mmoja huyo na mtoto wake, na kule Masasi tuliacha karatasi ukuta mzima. Nakukasirikia wakati mwingine, nisamehe, kwa kuniachia mlango ambao haufungwi. Nakukumbuka zaidi ya ninavyokukasirikia. Nikiwa nimechoka hivi ndipo ninapotamani unisogezee kile kigoda.

Leo asubuhi katekista wa Lupaso amenipigia. Kuna mwanamke amevuka na watoto, stoo yake imejaa, anauliza kama bodaboda inaweza kuwaleta kwangu. Nikamwambia kwamba sina nguvu, sina nafasi, atafute mwingine, na nilikuwa nasema kweli tupu. Kisha nikamuuliza watafika saa ngapi.

Kwa hiyo nakuaga hapa, mama. Pipa halina kitu, na lazima nishuke bondeni sasa hivi ili wakifika wakute maji ya kuoga.

Mimi kifunguamimba wako