Uzi Mwekundu kwenye Chupa ya Maji

Dada yangu mpendwa,

Mimi ndiye niliyeliua gari la baba. Nimeliandika hilo kabla ya salamu kwa sababu unanijua: nikianza na salamu nitamaliza na salamu, na barua itakufikia ikiwa haina kitu ndani. Sijamwambia mtu mwingine, hata mama.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Shikamoo, dada. Natumaini u mzima, na miguu yako imeacha kuvimba kwa kule kusimama kutwa kazini. Sisi huku tunapumua. Mama yuko na cherehani yake na mgongo wake uleule. Mimi tangu nimalize shule nafua, nadeki, nasubiri matokeo. Habari za baba ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka alivyoachishwa kazi gereji. Tajiri mpya alimwambia kwa upole kwamba magari ya siku hizi hupimwa kwa mashine, na fundi anayeinamisha sikio juu ya injini ni wa zamani. Nafasi yake akapewa yule aliyemfundisha mwenyewe, wanayemwita Kompyuta kwa kuwa hatembei bila kimashine chake. Baba alirudi na sanduku lake la spana, akatangaza kwamba atafungua gereji hapa hapa uani, na gari lake ndilo litakuwa tangazo. Tatizo ni kwamba tangazo lenyewe lilikuwa linachemsha maji.

Akaanza kulipima asubuhi moja, injini ikiwa baridi, na akanifanya mimi karani wake. Alinionya nisithubutu kufungua kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza, injini ikiwa moto, la sivyo mvuke utaninyoa nyusi. Tulikagua mipira ya maji, haikuwa na ufa. Feni ilizunguka vizuri. Akaitoa themostati, ile inayofungua njia ya maji yakipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya mama jikoni aone kama itafunguka. Mama akauliza kama leo tunakula vyuma. Ikafunguka, tukacheka wote watatu. Dada, sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo.

Kisha akawasha injini, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliponiita alisema taratibu kwamba anaisikia gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye injini. Lakini akaongeza kwamba fundi hahukumu kwa sikio tu, lazima apate ushahidi. Akajaza maji kwenye chupa ya akiba, akaizungushia uzi mwekundu wa mama pale yalipofika, na chini ya gari akatandika boksi kavu. Akanieleza kwamba maji hayana miguu. Yakishuka chini ya uzi na boksi likabaki kavu, basi yanaingia kwenye injini, na gari halitaendeshwa tena mpaka aifungue. Kila jioni atalizungusha mtaani kidogo, na asubuhi tatu mfululizo mimi nitazame uzi na kumwambia.

Asubuhi ya kwanza walikuja Kompyuta na mafundi wawili wa gereji, eti kumjulia hali mzee wao. Kompyuta akaomba radhi, akasema hawajanywa chai, hivyo kama mzee hatajali waweke birika juu ya boneti. Wakaangua kicheko. Baba naye alicheka, lakini nilimwona anakunja kitambaa chake cha oili, anakikunjua, anakikunja tena. Ndipo aliponiita kwa sauti na kuniuliza maji yako wapi.

Wote wakanigeukia. Unajua ninavyokuwa mbele ya macho ya watu. Maji yalikuwa vidole viwili chini ya uzi. Boksi lilikuwa kavu kama karatasi hii. Nikasema yako palepale, baba.

Alipowasindikiza mpaka barabarani nikakimbia na kikombe, nikajaza mpaka kwenye uzi. Aliporudi aliinama akatazama mwenyewe. Akaugusa uzi kwa kidole, akasema kumbe sikio limemdanganya.

Asubuhi ya pili nikaamka kabla yake. Ya tatu vilevile. Akahitimisha kwamba injini ni nzima, ila kifuniko cha rejeta kimechoka na geji ya joto inasema uongo. Akabadilisha kifuniko, akaanza kupiga mluzi uani. Ningesemaje tena? Niliendelea wiki mbili, dada, kwanza nusu kikombe, kisha kikombe, mwishowe jagi.

Jumamosi akampeleka mama kwa bibi. Jagi langu halikutosha safari ndefu vile. Mama ananisimulia kwamba kwenye mlima mshale ulipanda mpaka kwenye nyekundu, akamsihi asimame. Baba akamtuliza, akamwambia hiyo ni geji tu, maji yapo, binti yake huyatazama kila asubuhi. Wakaendelea mpaka injini ikanoki, kukawa kimya.

Kompyuta ndiye aliyekwenda kulivuta gari kwa kamba. Waliifungua injini uani hapa. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hedi imepinda, bloku ina ufa wa kupitisha ukucha. Safari hii hakuna aliyetania. Kompyuta alimuuliza kwa heshima kabisa ilikuwaje mzee wao, aliyewafundisha wote kuitambua gasketi, hii yake akaikosa. Baba alipitisha ukucha kwenye ule ufa. Nilisimama mlangoni nikingoja anigeukie mimi. Hakunigeukia, wala hajaniuliza neno mpaka leo. Hajapata hata kunishuku.

Siku iliyofuata alimpa Kompyuta sanduku lote la spana. Alisema mkono ukizeeka fundi anaweza kuazima wa mwingine, lakini sikio likianza kusema uongo, basi. Siku hizi anakaa akitazama doa la oili pale gari liliposimama. Nikipita ananiambia niongeze sauti ya redio, na mimi naisikia toka jikoni. Juzi alimuuliza mama kama anamjua daktari wa masikio.

Nimejiambia kwamba nilidanganya kwa aibu, kwa sababu watu walinitazama. Si kweli, na hili ndilo lililonizidi. Maji yaliposhuka nilijua atalazimika kuifungua injini, na moyoni niliamini akiifungua hataweza kuifunga tena. Niliwasikia wale mafundi wakisema amekwisha, nikakubali. Niliogopa aumbuke, nikamfichia kitu ambacho sikio lake lilikwisha kumwambia siku ya kwanza.

Mama anakusalimu sana, anasema ule kabla hujaenda kazini. Baba naye amenituma nikuandikie kwamba yeye hajambo. Nami nakusalimu kwa mapenzi yote.

Uzi ninao, nimeufungia kwenye daftari langu la shule. Kila siku nautoa niende nao pale alipokaa, nafika mlangoni, narudi. Nakuomba, dada, siri hii ikae kwako, na barua hii ichome. Najua nikimwambia atalipata sikio lake. Lakini atajua pia kwamba asubuhi ile, kati ya wote tuliosimama uani, waliomcheka walikuwa wanatania tu. Aliyeamini ni mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Karani wa baba