Ghala Tupu Nje ya Ukuta

Mwenzangu, sikia haya. Nimemkomesha shemeji.

Unaukumbuka ule mchezo wa zamani wa kompyuta, wa kujenga mji na kupigana vita? Watu wameurudia, sasa wanacheza kwa mtandao. Miaka kumi na tisa iliyopita shemeji alinichomea ghala la chakula, askari wangu wote wakafa njaa. Akaniambia mbele ya marehemu mume wangu, "Shemeji, wewe rudi kwenye vitunguu."

Rudi kwenye vitunguu. Mimi?

Leo mchana kaja na kompyuta yake, kakaa sebuleni kwangu anaucheza huku anajigamba. Nikaingia chumbani na ya mjukuu, nikajiunga kwa jina la Muuza Mkaa.

Tabia yake naijua, lazima aanze na ghala. Nikamjengea moja tupu, nje ya ukuta. Akaleta farasi wote kulichoma. Jeshi langu likapita nyuma, likateketeza mji wake nyumba kwa nyumba, taratibu, sina haraka.

Nikamsikia, "Shemeji, njoo uone, kuna mshenzi ananimaliza."

Nikatoka na bakuli na kisu. "Mshenzi ni mimi. Haya, menya vitunguu."

Bado anamenya. Anafuta machozi, anasema ni vitunguu.