Frigo ya salon

Ngezi, Jumamosi, siku ya posho, magaribi

Unisamehe, kaye yangu, daftari langu, nimekawia sana kukuandikia. Leo hasira ndiyo imenirudisha.

Ile frigo ya petroli ilikufa wakati nilikuwa na mimba ya Deo. Mama mukwe hataki itoke salon, chumba cha wageni. Ameifunika kitambaa cha maua, wageni waione. «Nyumba yenye frigo haiko ya maskini,» anasema.

Leo Deo aliingia ndani yake, mulango ukajifunga. Haufunguki toka ndani. Nilimutoa amelowa jasho, hata sauti ya kulia hana.

«Mama Deo, makelele ya nini? Si amepona?» Mama mukwe akaniuliza.

Si amepona! Nilienda kumuita fundi wa mbabula, majiko ya makaa, nikamuambia aichukue bure, bati atengenezee mbabula zake. Aling'oa mulango kwanza, akaubeba kichwani. Mama mukwe akaanza kulia kama mutu amefiwa.

«Mama, ninakuheshimu,» nilimuambia, «lakini sitazika mutoto kwa sababu ya wageni.»

Mwili wa frigo ungali salon. Kesho kisha misa ninahitaji pusupusu ya kuusukumia, kamba, wanaume wawili, na ruhusa ya bwana yangu, Baba Deo, aliye mbali Marabo.

Hapana. Ruhusa ibaki Marabo. Pusupusu, kamba, na wanaume wawili.