Ng'ombe Wanakuja Kwako

Samuye, Juni 1949

Mjomba Donatus, shikamoo.

Mama anakusalimu. Tangu sotoka ianze kuua ng'ombe huku, watu wa mjini wanaogopa maziwa yetu. Sasa mama anayasukasuka kwenye kibuyu apate samli, maana hiyo bado wananunua.

Jana baba alitenga ng'ombe watano, akamwagiza kaka Mageni awalete kwako Bugarama uwatunze, kama mlivyozoea kuwekeana mifugo.

"Safari hii hawatafia wote katika boma moja," alisema.

Nilimwambia tumefundishwa shuleni kwamba ng'ombe anaweza kubeba sotoka huku akionekana mzima. Alicheka.

"Huyo mwalimu wako ana ng'ombe wangapi?"

Kweli, mwalimu hana hata mbuzi.

Leo baba hacheki. Yule ndama mwekundu, ambaye mama yake amekwenda na Mageni, anatokwa machozi mazito na ana vidonda mdomoni. Baba anasema ni vumbi, lakini amekaa naye tangu asubuhi, na baba mwenyewe hataki kula.

Mjomba, najua ni aibu kumfungia boma mtoto wa dada yako. Hata hivyo nakuomba, ng'ombe wetu wasichanganyike na wako, wala wasinywe maji pamoja. Mageni mpe chakula huko huko nje. Baba hajui kwamba nimekuandikia.

Barua hii nampa dereva wa lori la pamba. Mpaka sasa amelala chini ya lori lake akilitengeneza, na Mageni yuko njiani tangu jana.

Mpwa wako mwenye hofu,
Gregory