Ndugu Wasiofanana

Shangazi mpenzi, shikamoo. Sijawahi kumwambia mtu hili: darasani nikijua jibu huwa naliandika kiganjani na kunyamaza, kwa kuogopa kuchekwa.

Leo hapa Tukuyu, mvua ikipiga bati, fainali ya chemsha bongo ilifika swali la mwisho, timu ya shule yetu ikiwa sare na wenyeji. Mwalimu aliyeendesha shindano akatuuliza, "Wayahudi wa Poland, Yemeni na India hawafanani sura wala mapishi. Wanakuwaje ndugu?"

Nikaliandika jibu kiganjani, kama kawaida yangu. Wenyeji wakacheka, "Wageni wamegandishwa na baridi!"

Nikasimama. "Wengi wao wana mababu wa pamoja waliotawanyika zamani. Walikofika walioa, na wengine wakajiunga nao, lakini Torati na Sabato ni zilezile. Ni kama Wanyakyusa wa hapa na Wangonde wa Malawi, ndugu waliotenganishwa na mpaka."

Mama mpishi wa shule akapiga kigelegele mlangoni, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu! Bibi yangu mimi kazaliwa Karonga, kulekule Malawi!" Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Tumeshinda, Shangazi!

Nakukumbuka sana, Mungu akutunze. Nilishuka jukwaani, nikala sahani mbili za ndizi, kisha nikaenda kuwapa mkono wale waliotucheka.

Mwanao, Neema