Bimu Zilizopinduliwa

Kimara, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua za Tukuyu hazijakurudishia kile kifua, na mama anaendelea vizuri na migomba yake. Mimi ni mzima wa afya. Moyo tu ndio unachemka, na utaniwia radhi nikikuandikia nao hivyo hivyo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukihamisha vitabu vya darasani? Ulibana safu nzima kwa viganja viwili, ukainyanyua bila hata kimoja kuponyoka. Ndiyo kazi yetu kiwandani. Zege huvumilia kubanwa, lakini likivutwa hupasuka, na mzigo ukikaa juu ya bimu, yaani boriti ya zege, upande wa chini ndio unaovutwa. Kwa hiyo huko chini tunatandaza nyaya za chuma, tunazivuta kwa jeki, kisha tunamwaga zege. Likikomaa tunaziachia, zinataka kujirudi, na kwa kujirudi zinalibana. Mzigo unakuta bimu imeshajiandaa, tena imeinuka kidogo katikati.

Huko kuinuka ndiko kulikoleta balaa. Benson, mchumba wangu, ndiye mkandarasi wa roshani ya kwaya hapa kanisani kwetu. Wazee wa kanisa walipoziona bimu, wakalalamika kwamba kiwanda chetu kimewauzia zilizopinda. Benson, kwa kutotaka maneno, akazipindua, nyaya zikawa juu. Nilipomwambia ataua watu, alinijibu kwamba mke hamuumbui mumewe. Nyufa zilipojitokeza kwa chini, akazipiga lipu.

Mke wa nani, baba? Jumapili baada ya ibada, wanakwaya wakijipanga kupanda kwa mara ya kwanza, nilifunga kitenge kiunoni, nikaegemeza ngazi, nikaibandua ile lipu kwa nyundo mbele ya wazee wote. Benson alinifokea nishuke. Sikushuka. Mchungaji alipouona ufa, aliamuru roshani ifungwe na bimu ziteremshwe.

Sasa nikueleze lililonishikisha kalamu. Pete nimemrudishia. Benson ametuma watu kusema kwamba nikimwomba radhi mbele ya kanisa, ndoa ipo palepale. Siombi. Najua ng'ombe wake wako zizini kwako, na najua baba wadogo watasema nimekuaibisha. Waseme, ila ng'ombe warudi. Yule mliyekwisha kumchinja, nitamlipa mimi.

Nisalimie mama na majirani wote. Krismasi nitakuja peke yangu, mchana kweupe, na nitapita mlango wa mbele.

Binti yako,
Bupe