Shaibu, Koti Lilikuwa Langu

Kaka Shaibu,

Sijui huko uliko barua zinasomwaje, ila nakuandikia, maana humu chumbani sina wa kumwambia. Kitanda chako cha juu amepewa Mganda mmoja, mlinzi wa hoteli hapa Dubai, kule Al Rigga. Mtu mzuri tu, lakini akishuka asubuhi kile chuma kinalia vilevile kilivyokuwa kikilia ukishuka wewe. Wiki ya kwanza nilimwita jina lako. Akanitazama, akaenda kupiga mswaki.

Karakana bado ipo. Arbab, tajiri wetu, alisema ataifunga, eti starehe yake ya kutengeneza fataki imemletea mkosi, na kweli alikaa miezi minne bila kurusha hata roketi moja shambani kwake. Kisha kibali kikarudi, kuta zikapakwa rangi, khalas, kazi ikaanza. Zana zako nimerithi mimi: nyundo ya mti, vijiti vya shaba vya kushindilia baruti, vijiko vya mbao. Chuma bado hakivuki mlango. Kitambaa kinalowa kutwa nzima, maana unga ukimwagika hatufagii, tunapangusa. Ulinifundisha vizuri, tena kwa matusi.

Unakumbuka siku niliyoingia na bisibisi ya chuma mfuko wa nyuma? Ulinitoa nje umenishika sikio, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya dereva wa arbab. "We mtu wa bara, unataka wanirudishe Unguja kwenye mfuko?" Nilinuna siku mbili. Ya tatu ukaniletea sambusa, hukuomba msamaha wala nini, ukaniambia kula zisipoe.

Tatizo langu ni pale mlangoni. Kile kibati cha shaba ukutani, tunachogusa ili mwili utoe ule umeme mdogo wa nguo, wewe ulikuwa unakipiga kofi, halafu unaniuliza maswali yako matatu. "Mfukoni?" Nageuza mifuko, simu na kiberiti vimebaki nje. "Mkononi?" Naonyesha zana. "Mwilini?" Navuta ovaroli uone ni pamba tupu, mpaka chupi, maana nailoni hutoa cheche. Sasa nakigusa peke yangu, Shaibu, na lile swali la tatu nalisikia. Wallahi nalisikia, mimi Mkristo naapa kwa kiapo chako. Linatokea nyuma ya bega la kushoto, kwa ile sauti yako ya mafua. Siku nyingine nageuka kabisa. Dereva keshaanza kunikwepa.

Haya, acha niseme, nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa siku ya mapumziko, baridi ya Januari. Zamu ya mashine ya kufulia ilikuwa yangu, na ile mashine ya watu kumi na wawili ukiipata huiachii. Nikaziona ovaroli zako zote mbili, chafu, zinanuka baruti na jasho. Nikazitia ndani pamoja na mashati yako. Sikukuuliza. Nilitaka ukiamka ukute mambo mazuri, basi. Mara simu ikalia: arbab ana wageni, anataka roketi sita kabla ya magharibi, yalla. Ukatafuta nguo, zote zinachuruzika maji. Hukunigombeza. Na mimi na mdomo wangu huu nikachukua lile koti langu la nailoni, la kazi ya ulinzi niliyoiacha, nikakurushia. "Vaa hilo bwana, arbab mwenyewe hajui pamba wala nailoni. Nani atakuuliza?"

Aliyekuwa akiuliza siku zote ni wewe.

Uliingia peke yako, ndivyo sheria yetu ilivyo: mtu mmoja, baruti kidogo. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, Shaibu. Meza haikuungua hata nusu. Daktari aliniambia nguo ya pamba ingekuachia malengelenge, ungelalamika wiki mbili, ungepona. Ile nailoni iliyeyuka, ikakushika kifuani na shingoni. Siku tatu hospitalini hukuweza kusema neno. Ulinikazia macho tu, nami sikujua kama unanilaumu au unataka maji. Mpaka leo sijui.

Karatasi ya uchunguzi ikaandikwa kwamba mfanyakazi alipuuza sheria ya mavazi. Uzembe. Wewe! Wewe uliyekuwa ukinikagua chupi! Nikaulizwa kama nina la kuongeza, nikasema, "No, sir." Niliogopa kunyang'anywa visa, niliogopa kumrudia mke wangu Morogoro mikono mitupu, niliogopa kila kitu. Mama yako akaletewa mwili pamoja na neno hilo, kwamba mwanawe amekufa kwa uzembe wake.

Miezi minane nimeishi hivyo. Juzi arbab kaleta wafanyakazi wawili wapya, Mkenya mmoja na Mtanzania mwenzetu, akaniambia niwafundishe. "Waeleze habari za Shaibu, wajue uzembe unaua." Nikawaeleza. Nilisimama pale na nyundo yako mkononi nikawaeleza uongo ule. Yule Mkenya akatikisa kichwa, akasema, "Aah, huyo msee alijimaliza mwenyewe." Nikatoka nje, nyundo yako bado nimeishika.

Jana nikampigia Bi Mkubwa wako. Nilikosea namba mara mbili. Nikamwambia yote, kufua, koti, nilivyokaa kimya. Akasema, "Najua, mwanangu. Alinipigia akiwa njiani kwenda kazini. Alisema kavaa koti la Deo kwa sababu Deo kamfulia nguo zote. Alikuwa anacheka. Alisema, mama, tangu nitoke kwako hakuna mtu aliyenifulia nguo."

Alijua, Shaibu! Muda wote huo alijua, na hakumwambia mtu. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Nililia kama mtoto, yule Mganda akanipa taulo lake. Bi Mkubwa akaningoja nimalize, akasema mimi kanisamehe zamani, lakini wapo watu huko Dubai wanaomwita mwanawe mzembe, na yeye hana njia ya kuwafikia.

Kesho Jumatatu arbab atakuja. Nitawaweka wote pamoja, yeye na wale wawili, kabla hatujashika kazi, niwaambie Shaibu hakuwa mzembe, nguo zake zilikuwa majini na koti nilimpa mimi. Nitamwomba na ile karatasi iandikwe upya. Akinifukuza, na anifukuze. Nakuahidi, kaka, nitalisema hata ulimi ukikauka. Nikishamaliza, wa kwanza kumpigia ni mama yako, kabla hata ya mke wangu, kwa sababu tangu jana sikai vizuri mpaka nimsikie ananiita mwanangu.

Pumzika, kaka yangu. Nilikupenda, na sikuwahi kukwambia.

Mdogo wako wa bara,
Deo